Daku huanza kupikwa magharibi

Mchele uliochaguliwa saa 10 alfajiri huwa na mawe. Macho yana usingizi, taa ya jikoni ni ile ile hafifu, na mpishi anaitazama saa kuliko anavyoutazama ungo. Ndiyo maana kazi ya daku, mlo wa mwisho wa usiku kabla ya saumu ya Ramadhani, hufanywa magharibi, moto wa futari ungali jikoni na watu wangali na nguvu, ili usiku wa manane ibaki kazi ya kuinjika sufuria tu. Hapa tunazungumzia zaidi daku la wali wa nazi la mwambao, Unguja, Mombasa, Tanga na kwingineko, na zaidi ya yote mahali linapoharibikia.

Tuanze na saa. Mwambao wetu uko karibu na ikweta, kwa hiyo urefu wa saumu haupandi na kushuka kama kwa wenzetu wa Ulaya. Kutoka alfajiri hadi magharibi ni saa 13 na nusu hivi, na adhana ya alfajiri Mombasa, Unguja na Dar es Salaam, miezi ya Februari na Machi, hulia dakika chache baada ya saa 11. Sasa wapo wengi wanaokula saa 6 usiku wakishatoka tarawehe na soga la barazani, wakalala moja kwa moja mpaka sala. Wanaliita daku, lakini hesabu yake ni ya chakula cha usiku: tumbo linakaa zaidi ya saa 18 bila kitu, halafu wanashangaa kichwa kinauma saa 8 mchana. Sunna ni kulichelewesha. Sahaba Zayd bin Thabit aliulizwa palikuwa na muda gani kati ya daku walilokula pamoja na Mtume na adhana, akajibu kiasi cha kusoma aya 50. Hiyo ni kama robo saa kwa msomaji asiye na haraka. Safu ya imsaki iliyomo kwenye ratiba za misikiti, dakika kumi hivi kabla ya alfajiri, ni tahadhari ya kumwambia mlaji amalize tonge zake; saumu yenyewe inaanza alfajiri.

Ratiba nayo iwe ya mji wako. Kigoma iko magharibi mno kuliko Dar es Salaam, na jua huchelewa huko karibu dakika 40, ilhali saa za ukutani ni zile zile. Anayefuata adhana ya redio ya Dar akiwa Ujiji atakatiza daku mapema, na hilo si kosa kubwa. Kosa kubwa ni la jioni: atafungua jua bado linaonekana juu ya Ziwa Tanganyika. Bukoba tofauti ni nusu saa.

Wapiga daku bado wapo mitaani, vijana wenye ngoma na madebe, na sikukuu ikifika hupita tena mlango kwa mlango kuchukua chochote chao. Wao huanza mapema, saa 8 au saa 9, maana mitaa ni mingi na miguu ni miwili. Wakipita, mpishi aamke. Wengine wageukie ukuta.

Mpishi aamke saa ngapi hasa? Hesabu irudi nyuma kutoka adhana. Kula kwa utulivu, na maji ya kunywa kidogo kidogo, ni nusu saa. Wali wa nazi tangu tui kuwekwa motoni mpaka kupakuliwa ni dakika 45 hadi 50, na kitoweo kinapashwa humo humo. Mkaa mpya unataka dakika 20 kuwaka vizuri. Gesi haitaki kitu. Kwa adhana ya saa 11 na robo, mwenye gesi aamke kama saa 10 kasorobo na mwenye mkaa aongeze dakika 20. Asiyetayarisha chochote jioni aamke saa 9, na daku lake litampa usingizi kazini.

Matayarisho ya magharibi ni haya. Mchele uchaguliwe na upepetwe, ukae mkavu ndani ya bakuli lenye kifuniko. Usiuoshe wala kuuroweka usiku kucha kwenye joto la jikoni. Maji yake huanza kunuka na punje hukatika zikipikwa. Kitunguu kikatwe. Kunde au mbaazi ziwe zimekwisha kuiva. Kwa jiko la mkaa, makaa yaliyobaki ya futari yafukiwe chini ya majivu. Yakifukuliwa saa 9 yanakuwa bado na uhai wa kuwashia mengine. Jiko hilo libaki nje au uani. Mkaa unaofuka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na watu hulala wasiamke.

Nazi ndiyo yenye masharti. Mwenye friji anaweza kukuna jioni, akakamua, akaweka tui zito na tui jepesi katika vyombo viwili. Asubuhi atakuta tui zito limeganda juu mafuta meupe kama siagi. Halijaharibika, lipashwe moto mdogo likikorogwa, litarudiana. Asiye na friji aiache nazi nzima, asiivunje. Nazi iliyokunwa ikilala kwenye joto la kaskazi inachacha kabla ya saa 9 usiku, na tui lake hutia wali uchachu usiofichika hata kwa iliki. Hapo kukuna kutafanywa alfajiri, na robo saa zaidi ihesabiwe. Katika kukuna, simama ukifika karibu na kifuu. Ukiendelea utakuna ile ngozi ya kahawia, tui liwe na rangi ya vumbi na ladha ya ukali kidogo.

Kwa watu wanne wanaokula vizuri, chukua nusu kilo ya mchele, yaani vikombe viwili na nusu vya chai, na nazi moja kubwa iliyokomaa, nzito, inayolia maji ukiitikisa. Mimina kikombe kimoja cha maji ya uvuguvugu juu ya nazi iliyokunwa, finyanga kwa mkono, kamua kwa kifumbu au kitambaa safi: hilo tui zito. Rudia na vikombe vitatu na nusu vya maji upate tui jepesi. Jumla iwe kama vikombe vinne na nusu. Kwa mchele mpya wa msimu punguza nusu kikombe, kwa kuwa wenyewe bado una unyevu. Mchele wa zamani unaweza kuongezewa kiasi hicho hicho. Ukitumia tui la kopo la mililita 400, ongeza maji mililita 600 na mambo yatakuwa yale yale, ingawa aliyezoea nazi ya kukuna atajua tu.

Tui jepesi litangulie motoni na kijiko kimoja cha chai cha chumvi, kisawazishwe, kisirundikwe. Koroga mpaka lichemke. Tui likiachwa peke yake kwenye moto mkali hukatika: mafuta hupanda juu, chini hubaki maji yenye chengachenga. Linalika, ila wali utakuwa na mafuta sehemu moja na ukavu sehemu nyingine. Likichemka tu, tia mchele uliooshwa mara tatu, koroga mara moja, funika nusu, moto wa wastani. Maji yakishuka mpaka usawa wa mchele, vitundu vikaanza kuonekana juu, ndipo umimine tui zito. Geuza kwa mwiko kutoka chini kwenda juu mara mbili au tatu, basi. Anayekoroga koroga anavunja punje na kutoa wanga, atapata bokoboko. Punguza moto uwe mdogo kabisa, funika, palia makaa machache juu ya kifuniko, uache dakika 15 hadi 20. Kwenye gesi weka bati au kikaango kizito chini ya sufuria na kitambaa kizito juu ya kifuniko, mvuke usitoke.

Usifunue kila mara. Ukifunua baada ya muda wake ukakuta punje zina kiini kigumu, nyunyizia robo kikombe cha maji ya moto, siyo baridi, palia tena dakika 8. Ukiukuta una maji, usiongeze moto kwa hasira. Chini utaungua kabla ya juu kukauka. Acha wazi juu ya moto mdogo, mvuke utaondoka wenyewe. Na ukisikia harufu ya kuungua, ipua hapo hapo, usiguse chini, pakua ya juu kwenye sinia. Ukichanganya, moshi utaenea sufuria nzima.

Swali linaloulizwa kila Ramadhani: kwa nini wali usipikwe saa 3 usiku ukaachwa tu umefunikwa mpaka daku? Kwa sababu wali uliofunikwa ungali wa moto, ukakaa saa saba katika joto la jikoni, ni shamba la vijidudu. Wapo wanaohimili kupikwa, na sumu wanayoiacha haiondoki kwa kupasha. Wali wa nazi ndio hatari zaidi, na dalili yake ni utelezi, uzi mwembamba ukiinua punje, na harufu tamu tamu. Ukitaka kupika mapema, utandaze kwenye sinia pana upoe haraka, uingie friji ndani ya saa moja au mbili, kisha upashwe mara moja tu kwa kunyunyizia maji na kupalia mpaka ufuke mvuke katikati. Bila friji, pika alfajiri. Hakuna njia ya tatu.

Kuhusu kitoweo, wapishi wengi wa daku hukosea kwenye chumvi. Papa mkavu na ng'onda ni watamu, hakuna mtu wa pwani atakayebisha, lakini mahali pao ni futari, pale ambapo mtungi wa maji uko karibu. Kwa daku wanakuletea kiu kuanzia saa 4 asubuhi. Asiyeweza kuwaacha awaroweke saa nzima kwenye maji ya moto, ayamwage, arudie, kisha mchuzi wake usitiwe chumvi nyingine. Achari, na zile bisi na krispu za kutafuna baada ya chakula, hukumu yake ni hiyo hiyo. Samaki mbichi, changu au kolekole au nguru, ndiye wa daku: achomwe au akaangwe kidogo jioni, alale kwenye friji, alfajiri aingie kwenye mchuzi wa nazi dakika 10. Ukwaju au ndimu vitangulie kwenye rojo ya nyanya, au vije mwisho sufuria imeshaipuliwa. Ukivimwaga tui likiwa linatokota, litakatika mbele ya macho yako.

Lakini kama ni kuchagua kitoweo kimoja cha kudumu mwezi mzima, kunde za nazi zinamshinda samaki. Wali peke yake hupita tumboni upesi. Vyakula vya jamii ya kunde huuchelewesha, na mlaji anafika alasiri bila mikono kutetemeka. Robo kilo ya kunde kavu irowekwe asubuhi, maji yake yamwagwe (hapo ndipo sehemu ya gesi ya tumbo huondokea), ichemshwe wakati wa kupika futari mpaka ipondeke kati ya vidole viwili. Zisizoiva vizuri ndizo zinazovimbisha tumbo msikitini. Chumvi iingie zikishalainika. Alfajiri, kaanga kitunguu kimoja na nyanya mbili, bizari ya manjano nusu kijiko cha chai, tia kunde, mimina kikombe kimoja na nusu cha tui, acha vichemke pamoja dakika 10. Mbaazi hufuata njia hiyo hiyo ila zinataka muda mrefu zaidi motoni. Wenye haraka hutia magadi. Chembe kidogo inatosha. Ikizidi, mbaazi hugeuka uji wenye ladha ya sabuni. Mchicha wa kukaanga kidogo ukae pembeni ya sahani, na kachumbari bila pilipili. Pilipili ya alfajiri hurudi kama kiungulia ukilala tena.

Mombasa wapo wanaopenda kuchukua chakula cha asubuhi wakakisogeza usiku: mahamri na mbaazi. Hakuna ubaya, ila mahamri yana hila zake yakipangiwa alfajiri. Unga nusu kilo, sukari gramu 100, iliki iliyosagwa kijiko cha chai kimoja, tui zito kama kikombe kimoja likiongezwa kidogo kidogo. Hamira ndiyo ya kuangalia. Kwa mahamri ya mchana, yanayoumuka saa moja au mbili, kijiko cha chai kimoja na nusu ni sawa. Ukikanda saa 4 usiku kwa kiasi hicho ukalala, saa 10 utakuta donge limepanda, limeanguka, linanuka pombe. Ukikaanga hayavimbi na yanakunywa mafuta kama sponji. Kwa usiku mzima tia nusu kijiko tu, au weka donge kwenye friji. Kama unakaanga jioni, yakipoa yafunge kwenye kitambaa safi, alfajiri yapashe kwenye sufuria kavu iliyofunikwa. Na mtu asile saba. Vya kukaanga vinaleta kiu karibu kama chumvi.

Bara daku lina sura nyingine. Kigoma na Ujiji utakuta ugali na dagaa au migebuka ya ziwa, ugali wa muhogo au wa mahindi, na wenyeji watakwambia wali ni chakula cha kusindikizia usingizi. Kwa kudumu tumboni hawajakosea. Bukoba ni ndizi na maharage. Uganda, hata kwa wanaozungumza Kiganda, chakula hiki jina lake ni daku vilevile. Ndugu zetu wa Muscat huridhika na tende na laban, yaani maziwa ya mtindi, wakiwa hawana njaa, na hicho ni kielelezo kizuri kwa wale wa mwambao wanaoamka bila hamu: tende tatu, kikombe cha mtindi usio na sukari, ndizi mbivu moja, maji. Au uji wa ulezi, vijiko vitano vya kulia vya unga kwa lita moja ya maji, unga ukikorogwa kwanza kwenye maji baridi ili usifanye mabonge, uchemke dakika 15. Kula kidogo kunashinda kutokula kabisa, na Mtume alisema daku lina baraka.

Walioko London au Oslo wana hesabu yao. Ramadhani hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, kwa hiyo miaka hii imewaangukia mwisho wa baridi na saumu yao ni nyepesi. Ilipokuwa Juni, kama mwaka 2016, usiku ulikuwa mfupi kiasi cha futari na daku kukaribia kugongana. Katika usiku wa namna hiyo, kupika milo miwili kamili ni kujitesa. Futari ya mihogo na magimbi iachwe, wali ubaki wa daku.

Kwetu miaka hii imekuja na kaskazi, joto na jasho, hivyo maji ni nusu ya daku. Kumimina lita nzima tumboni adhana ikikaribia hakusaidii. Figo zitaitoa kabla jua halijapanda. Bora glasi sita au saba zigawanywe tangu kufungua mpaka alfajiri, mbili kati ya hizo wakati wa daku, moja mwanzo na nyingine mwisho. Chai kikombe kimoja. Mnywaji wa vikombe vitano kwa siku akiviacha ghafla atapata maumivu ya kichwa siku tatu za mwanzo, na hayo atayalaumu kwenye njaa. Apunguze tangu Shaabani, mwezi unaotangulia Ramadhani.

Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari aende kliniki kabla mwezi haujaandama, maana dozi ya daku huenda ikabadilishwa. Kwake yeye kuchelewesha daku si sunna peke yake, ni kinga. Kutoboa kidole kupima sukari hakufunguzi. Ikiwa chini ya 3.9 mmol/L afungue saa ile ile, asisubiri magharibi hata kama imebaki nusu saa.

Watoto wasiofunga wapewe vilivyobaki asubuhi, siyo adhuhuri. Na sufuria itiwe maji kabla ya kwenda kuswali. Ukoko wa wali wa nazi ukikaukia mpaka jua lichomoze, utaukwangua na mwiko ukiwa na saumu, harufu ya nazi iliyokauka ikikupanda puani.